Njia Nne za Kupiga Window, na Laptop ya Mwita

Mimi Ryoba, hakuna kitu kinachotumia umeme ambacho kingeweza kunishangaza. Nilikuwa nasema hivyo mbele ya wateja, na nilikuwa nasema hivyo hata nikiwa peke yangu. Nimefungua redio iliyojaa mende hai, nimekausha simu iliyotumbukia kwenye uji wa msiba, nimepokea laptop iliyokanyagwa na ng'ombe kule Machochwe na ikawaka. Darasa la saba nililimaliza kwa sababu mwalimu mkuu alichoka kuniona. Lakini walimu wa digrii, manesi, maofisa walioletwa huku kutoka mikoa ya mbali, wote walikaa kwenye benchi langu pale Mugumu wakisubiri mimi niseme neno.

Sasa nimeacha. Hakuna aliyeniandikia barua ya kustaafu. Nilijiajiri mwenyewe na nimejistaafisha mwenyewe. Ninyi vijana niliowaachia banda mmeniomba niwaandikie jinsi ya kuchagua njia ya kupiga window upya, maana mnasema kila fundi ana yake. Nitaandika, ila nitaanzia mbali. Habari za nilichovuna sitaziweka. Nyumba mmeiona, ina bati za rangi, inatosha.

Nilianzia Sirari, mpakani, nikiwa kijana niliyetoka Kemambo na kaptula moja. Hapo alikuwepo fundi redio, Mjaluo, tulimwita Mzee Okech. Alikuwa mkali, mchoyo wa chai, na alikuwa na tabia ya kuficha bisibisi yake nzuri ndani ya soksi ili tusiiazime. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinipa redio iliyokufa akaniambia nihesabu sauti zake. Nikamwambia haina sauti. Akasema, "Umeshaanza kujifunza," akaendelea na kazi yake.

Jambo moja la Okech lilitufanya tumcheke. Mteja akileta redio, kabla hajaifungua, alikuwa anamuuliza, "Unataka kibaki nini?"

"Kibaki nini vipi? Ni redio, si sanduku la nguo."

"Kuna mtu anapenda kasha. Kuna mtu anapenda sauti yake ya zamani, hata kama inakwaruza. Sema, nisije nikakutengenezea nikakuharibia."

Tulimwona mzee wa maneno mengi. Ile bisibisi ya kwenye soksi alinipa siku anarudi kwao ng'ambo, na mpaka leo ninayo. Lile swali nililibeba bila kujua kwamba nimelibeba.

Baadaye simu zikaja, redio zikafa. Nikahamia Mugumu kwa sababu Sirari mafundi walikuwa wengi kuliko vitu vinavyoharibika. Halafu zikaja kompyuta. Sikusomea kompyuta mahali popote. Ya kwanza niliinunua ikiwa mbovu, nikaiua mara nyingi, nikaifufua mara nyingi zaidi, na kila ilipokufa nilijua jambo jipya. Mwanangu wa kwanza, Mwita, alikuwa shule ya msingi. Jioni alikuwa anakaa juu ya ndoo kunisomea Kiingereza cha kwenye kioo, mimi nabonyeza. Rangi ilipobaki kwenye kupaka mlango, aliichukua akaandika ubao wa duka mwenyewe, herufi zimeinama kama mahindi baada ya upepo: FUNDI RYOBA NAMBA MOJA. Nikaupigilia misumari juu ya meza. Upo hapo mpaka sasa, msiutoe.

Sasa sikilizeni habari ya njia. Laptop ikigoma kuwaka, au ikiwaka inazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa, fundi ana njia nne. Mimi nazifananisha na nyumba inayovuja.

Ya kwanza ni kuirudisha nyuma, yaani mashine inarudi kwenye siku ambayo ilikuwa nzima. Hiyo ni kuziba tundu la bati. Haigusi kitu cha mtu, na ndiyo maana mafundi wengi hawaipendi: inaonekana hujafanya kazi. Ya pili ni kupiga window upya huku unaacha mafaili. Hiyo ni kuezua paa lote na kuliezeka, watu wakiwa bado wamo ndani. Picha na barua zinabaki, lakini programu zinaondoka. Mweleze mteja hilo kabla, siyo baada. Mwalimu mmoja wa Mbalibali nilimwachia mafaili yake yote, nikampa mashine nikijisifu, kesho yake akarudi amevimba.

"Fundi, matokeo ya watoto nayaona lakini hayafunguki."

"Yapo?"

"Yapo."

"Basi mimi nimefanya kazi yangu."

"Fundi, ukinipa ugali ndani ya kabati lililofungwa, nimekula?"

Nilicheka, nikamrudishia programu zake. Lakini alikuwa na haki.

Ya tatu ni ile ya kiwandani. Laptop nyingi zina kipande cha diski kilichofichwa, ndani yake kuna window ileile iliyotoka nayo dukani. Ni nzuri kama mtu anauza mashine au anamrithisha mtoto. Inarudi kama ilivyozaliwa, na magonjwa yake ya kuzaliwa. Ya nne ni flash: unachomeka, unafuta kila kitu, unaweka window mpya. Huko ni kubomoa mpaka msingi. Ndiyo njia safi kuliko zote na ndiyo iliyonipa jina, maana mashine ikitoka hapo inakimbia kama mpya, na mteja anaona uchawi.

Kwa hiyo fundi mwenye akili anaanzia ya kwanza anashuka polepole, haanzii ya nne. Na kabla ya yoyote anaangalia chaji. Nesi wa Machochwe nilimpigia window kwake, kwa sola, mawingu yakaja katikati ya kazi. Mashine ilikufa paa likiwa limeezuliwa, na betri yake ilikuwa imechoka siku nyingi. Usianze kazi ambayo huna umeme wa kuimalizia. Na kabla ya ya nne unauliza lile swali la Okech: unataka kibaki nini? Unakitoa kwanza, unakiweka pembeni, unakihakikisha kwa macho, ndipo unabomoa.

Mimi sikuwa nakihakikisha sana, na nitawaambia kwa nini. Nilikuwa najua kufukua. Zile diski za zamani, zile zinazozunguka, ukizifuta hazifutiki. Ni kama umefuta jina la mtu mlangoni, mwenyewe bado yumo ndani amelala. Nilikuwa na programu ya kufukua, na nilishawarudishia watu picha za harusi, hotuba za mazishi, hata barua ambazo mwenyewe aliyezifuta hakutaka zirudi. Ndiyo maana nilikuwa jasiri wa kubomoa. Na habari ya paswedi ilikuwa haininyimi usingizi. Mteja akianza kunitajia paswedi yake nilikuwa nainua mkono: "Kaa nayo. Mimi siingilii mlangoni." Nilikuwa nawasha mashine kwa flash yangu, nachukua mafaili yote, paswedi ya mtu haijaguswa. Nyumbani kwangu kila mtu aliyajua maneno hayo.

Mwita alipokua akawa fundi kunizidi. Naandika hivi sasa. Wakati huo nisingeandika. Alikuwa anasoma usiku kwenye simu, halafu asubuhi ananirekebisha mbele ya wateja. Siku moja alinikuta nafuta laptop mpya, nyembamba kama sahani, bila kutoa kitu ndani.

"Tata," yaani baba kwa lugha yetu, "hizi mpya usifanye hivyo. Zinajifunga zenyewe kwa ufunguo. Ukifuta umefuta. Hakuna kufukua."

"Nani kasema?"

"Nimesoma."

"Wewe umesoma. Mimi nimefungua."

Wateja wakacheka, nikajisikia vizuri. Yeye akatazama juu, kwenye ubao wake mwenyewe.

"Hiyo namba moja, tata, ni namba moja kati ya wangapi?"

Sasa wakacheka zaidi, na safari hii kicheko hakikuwa changu. Nilimwambia, "Mura," yaani kijana, "anayecheka ubao wa mwenzake akatafute ukuta wa kwake." Aliweka bisibisi mezani, akavuka mpaka na mkewe kwenda Migori, kwa wajomba zake, akafungua meza yake huko. Mkewe anaitwa Bhoke, na wakati huo alikuwa mjamzito.

Hapa lazima niwaeleze kitu cha kwetu, maana baadhi yenu mmetoka mbali. Katika ukoo wetu mke wa mwanao ni mtu wa kuheshimiana naye kwa umbali. Hali nawe meza moja, huingii anapolala, hugusi vitu vyake vya ndani. Na yeye hakutaji jina. Hata jina la duka hataji kama lako limo ndani yake; Bhoke alikuwa anasema tu "kule kwa tata." Mkitaka kuambiana jambo, linapitia kwa mama wa nyumba. Hali hiyo inaendelea mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Akizaliwa, baba mkwe anatoa mbuzi, tunamwita mbuzi wa kufungua mdomo. Akishachinjwa, mkwe anakuwa mtu wa kuongea: anakutaja, anakuuliza, anakukatalia hata. Koo nyingine zimeacha. Sisi hatujaacha.

Mtoto alizaliwa huko huko Migori, wa kike, Robi. Mwita alinitumia ujumbe kunipa habari. Nilimpa mke wangu simu nikamwambia ajibu yeye. Mbuzi nikasema nitamtoa siku mwenye mtoto akija kuniamkia. Yule mwenye mtoto naye alikuwa Mryoba kweli kweli, hakuja.

Alikuja kwenye gari la maiti. Pikipiki yake iligongwa barabara ya kushuka Isebania, simu yake ikasagika hapohapo. Tulimzika Kemambo. Kazini sikwenda muda mrefu, halafu nikaenda kila siku, hata Jumapili, maana nyumbani kulikuwa na mtoto anayefanana naye.

Bhoke na Robi walibaki kwetu, nikawapa chumba cha uani. Alikuja na sanduku moja la nguo na laptop ya Mwita. Ile laptop ndiyo iliyokuwa imebeba video zake. Mwita alikuwa na desturi ya kumrekodi mwanawe kwa simu, kisha anazihamishia humo. Kuna moja, mke wangu aliniambia, anamwimbia mtoto wimbo wa kuchunga niliokuwa namwimbia yeye juu ya ndoo ile. Jioni, kupitia ukutani, nilikuwa nasikia sauti yake. Sikuwahi kuiona. Ningeionaje? Ilikuwa chumbani kwa mkwe. Nilikuwa nakaa sebuleni nimezima redio, nasikiliza maneno nusu nusu, nasema moyoni kwamba siku moja nitapata njia ya kuomba.

Halafu jioni moja kukawa kimya. Na iliyofuata pia. Asubuhi mke wangu akaja na laptop kwenye kitenge, ameibeba kama mtoto mchanga.

"Baba Mwita, mtoto wako wa uani anasema hii ilijisasisha yenyewe, ikazimika, sasa inaleta kioo cha bluu tu. Analia. Robi naye kila jioni anasema baba, baba, anaonyesha kidole mezani."

"Mwambie asilie. Imefika kwa mwenyewe."

"Anauliza, video zitabaki?"

"Mwambie hakuna mashine iliyonishinda. Kesho jioni mtoto ataangalia."

Nilisema kwa sauti, makusudi, ili asikie kule uani bila kupitia kwa mtu.

Niliipeleka dukani, nikaanza kama nilivyowafundisha. Chaji, nzuri. Njia ya kwanza: nikaomba irudi nyuma, ikakataa, ikaleta kioo kinachodai ufunguo, tarakimu nyingi kama namba za mita ya umeme zilizopangwa foleni. Njia ya pili, kuacha mafaili: ufunguo. Nikasema sawa, mimi siingilii mlangoni. Nikawasha kwa flash. Diski niliiona, lakini ilikuwa na alama ya kufuli, na ndani hapafunguki. Nikakumbuka maneno ya Mwita. Nikayasukuma pembeni.

Kioo chenyewe kilikuwa na maelezo madogo kwamba ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti, na kinaonyesha mwanzo wa anwani ya barua pepe ya Mwita. Anwani nilikuwa naijua. Nilichohitaji ni paswedi ya akaunti. Nikajaribu kuomba mpya. Ikasema inatuma namba za siri kwenye simu yake ya Kenya. Nikaipiga laini ile, sijui nilitegemea nini. Ikapokelewa.

"Niaje, nani huyu?"

"Naomba Mwita."

"Mwita? Hapana buda, hii line nimenunua juzi tu. Umepotea namba. Pole."

Kisha nikampigia mke wangu. "Muulize mtoto wa uani neno la kufungulia akaunti ya mumewe."

Alichelewa kurudi kwenye simu. Aliporudi sauti yake ilikuwa chini.

"Anasema analijua, ila hawezi kulitaja."

"Hawezi vipi?"

"Sijui, Baba Mwita. Ameinamisha kichwa, amefunika mdomo. Nimemwambia aninong'oneze mimi, amekataa. Anasema, kwani tata si huwa anasema haingilii mlangoni?"

Mke wangu ni mtu mzima, mimi ni mtu mzima. Tuliwaza neno moja: la mke na mume, la chumbani. Kumlazimisha mjane alitamke neno la kitandani ili limfikie baba mkwe, hilo nisingeweza hata kwa mashine ya rais. Na lile alilomalizia nalo nililipokea kama sifa. Nilimwambia mke wangu amwache, asimuulize tena, nitalipata mwenyewe.

Nikaanza kubahatisha. Nilijaribu jina la Robi. La Bhoke. La mama yake. La shule aliyosoma, la fahali aliyemchunga akiwa mdogo, la Migori, la Kemambo. Nilijaribu hata jina la Mzee Okech, maana nilimsimulia sana. Nilikuwa nimekaa mezani kwangu, kwenye kiti changu, chini ya ubao, naandika majina ya watu wote waliowahi kupendwa na mwanangu. Mwisho akaunti ikanifungia, ikasema nijaribu siku nyingine.

Hapo ndipo pa kuchagua njia, na nawaandikia hapa ili mjue kichwa cha fundi kilivyokuwa. Kusubiri ilikuwa njia. Hakuna kilichokuwa kinaoza. Diski ingekaa mwaka, miaka, kufuli lake likiwa zima na kilicho ndani kikiwa kizima. Leo nasema kusubiri ndiyo njia ya tano, na ndiyo bora kuliko zote nne, na hamtaikuta kwenye menyu yoyote. Lakini nilikuwa nimeshasema kesho jioni. Nilisema kwa sauti. Na nilikuwa na programu yangu ya kufukua ambayo haikuwahi kuniangusha. Nikawaza: kufuli ni la mlango, nikibomoa ukuta, kufuli linaanguka nao, halafu nafukua vilivyo chini ya kifusi. Nimefanya hivyo mara ngapi.

Nikachomeka flash. Nikachagua ya nne. Mashine iliniuliza kama nina uhakika. Zinauliza hivyo siku zote, nilishazoea kubonyeza kabla sijamaliza kusoma.

Window ilipanda vizuri. Sikuwahi kupiga window ikakubali vizuri namna ile. Kisha nikaitoa diski, nikaiunganisha kwenye kompyuta ya mezani, nikawasha programu ya kufukua, nikaisubiri usiku kucha. Diski za zamani zilikuwa zinaanza kutema majina mapema: picha hii, wimbo ule. Hii haikutema kitu. Ilifika mwisho ikaniambia imemaliza. Nikairudia kwa njia ya ndani zaidi. Ikaleta takataka, vipande visivyo na kichwa, kama mchele uliomwagwa kwenye mchanga. Ukishalitupa kufuli la namna ile, na ufunguo unakuwa hauna mahali pa kuingia. Ndivyo zilivyotengenezwa. Mtu alikuwa ameniambia.

Nikairudisha diski ndani ya laptop, nikaibeba, nikafunga duka jua likiwa bado juu. Nyumbani nilipita sebuleni moja kwa moja hadi uani, mahali nisipokanyaga, nikasimama nje ya mlango wa jiko. Bhoke alikuwa anasonga ugali, Robi mgongoni. Aliponiona akageuka ukutani, akajitanda kitenge. Mke wangu akatoka mbio.

"Baba Mwita! Unatafuta nini huku?"

"Mama, lile neno," nikauambia mgongo wa Bhoke. "Kama ni la aibu, hilo ni juu yangu, si juu yako. Litaje."

"Tata, siwezi."

"Nimekuruhusu."

"Bado hujaniruhusu, tata." Alisema kwa upole kabisa. "Bado hujaniruhusu tangu Robi azaliwe."

Mke wangu alishika kichwa. Mimi bado nilikuwa sijaelewa, nilikuwa nasubiri neno la chumbani.

"Litaje hivyo hivyo, mwanangu."

Akauegemeza uso ukutani, akalisema polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayetoa mwiba: "Fundi... Ryoba... namba moja. Yote pamoja. Herufi ndogo."

Ugali ulianza kuungua, nikasikia harufu yake.

"Aliliweka tulipofika Migori," akasema. "Nilimwambia, sasa mimi nitafunguaje, na wewe unajua siruhusiwi? Akacheka. Akasema nitaandika tu kwa vidole, vidole havina mdomo, na siku nikiweza kulitamka tutakuwa tumesharudi nyumbani."

"Ungeniandikia kwenye karatasi, mama."

"Nilisikia unasema hakuna iliyokushinda, tata. Nikajua huhitaji."

Aliingia kwenye akaunti kwa simu yake, akaliandika kwa vidole vyake. Ikafunguka. Ufunguo ulikuwepo, zile tarakimu zote, zimepangwa foleni, na jina la laptop ya Mwita juu yake. Alinipa simu bila kunitazama. Nikaiwasha laptop. Iliwaka upesi, safi, kioo cheupe. Nilikuwa nimeshika ufunguo mkononi na mashine haikuniuliza kitu.

Robi akanyoosha kidole kutoka mgongoni, akasema baba.

Diski niliipeleka kwa mtaalamu Mwanza. Aliiangalia kwa heshima, akaniuliza nilianza na nini, nikamweleza njia zote kwa mpangilio. Akasema, "Mzee, kazi yako ni safi sana. Humu hakuna kilichobaki." Sikuwa nimewahi kusifiwa na mtu mwenye cheti, na siku hiyo ndiyo nilisifiwa.

Kwa hiyo vijana, andikeni hivi ukutani, chini ya ubao. Mashine mpya, tafuta kwanza ufunguo, hata kama huuhitaji. Usianze na ya nne. Paswedi usiidharau, ni neno ambalo mtu amelichagua. Na ukikwama, subiri. Kama hamuwezi kumuuliza mwenye mashine uso kwa uso anataka kibaki nini, kazi hiyo msiipokee, mpeni fundi mwingine, hata kama ni namba mbili. Bisibisi ya Okech ipo kwenye droo ya kulia, imo kwenye soksi. Flash yangu sikuwaachia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mnadani nikanunua mbuzi dume, mwekundu mwenye baka shingoni. Tulimchinja uani. Bhoke alikaa nami meza moja, akanitaja jina mbele ya wazee mara tatu kama inavyotakiwa, na sauti yake haikutetemeka. Mbuzi yule yule angetosha siku Robi anazaliwa, na angetosha siku laptop inaletwa kwenye kitenge. Mwenye mbuzi alianzia juu, tukavutana, mwisho nikamlipa shilingi elfu tisini na tano.